Jabir bin Hayyan: Jina Lililotajwa Miaka Elfu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanadamu kwa akili, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na aali zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika darasa yetu ya usiku tulikuwa tukizungumza juu ya ilimu za Waislamu wa zamani, na mmoja wetu akamsifu Jabir bin Hayyan kuwa ndiye aliyevumbua asidi kubwa zote zinazotumiwa viwandani. Kijana mmoja anayesoma sayansi akaomba ruhusa kwa adabu, akauliza mbona kitabu chake cha shule chasema kuwa asidi hizo zimeelezwa kwanza katika kitabu cha Kilatini, kiasi cha miaka mia tano baada ya kufa kwa Jabir. Baadhi ya wazee walimkemea, wakasema kuwa hizo ni hila za Wazungu za kuzificha fadhila zetu. Kijana akanyamaza. Lakini kunyamaza si kukinai, na kijana tunayemnyamazisha leo huenda kesho akatushuku hata katika yale ya kweli tunayomwambia. Kwa hiyo nimeona ni wajibu nimjibu hapa, kwa kumweleza Jabir alikuwa nani, alifanya nini, na jina lake lilitajwaje na watu mbalimbali kwa muda wa miaka elfu na zaidi.

ASILI YAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake ni Jabir bin Hayyan, na kuniya yake ni Abu Musa, na wengine husema Abu Abdallah. Wasimulizi wamekhitilafiana juu ya mji wake: wako wamtiao katika watu wa Kufa, na wako wasemao kuwa asili yake ni Tus, katika nchi ya Khurasan. Iliyo mashuhuri ni kuwa alizaliwa karibu na mwaka 721, sawa na 103 Hijriya, na akafa karibu na mwaka 815, sawa na 200 Hijriya. Wako wataalamu waliodhani kuwa baba yake ni Hayyan, mwuza dawa wa Kufa aliyeuawa Khurasan kwa sababu ya kuiunga mkono da'wa ya Bani Abbas.

Zama hizo zilikuwa zama za mageuzi makubwa. Dola ya Bani Umayya ilianguka mwaka 750, na mji wa Baghdad ukaanza kujengwa mwaka 762. Vitabu vya Wayunani na vya Wasuriani vikaanza kugeuzwa kwa Kiarabu, na mtu mwenye hamu ya ilimu akaweza kupata sokoni maarifa ambayo babu yake hakuyasikia. Katika vitabu vyenye jina lake, Jabir ajitaja kuwa mwanafunzi wa Imamu Jaafar al-Sadiq (R.A.), aliyefariki Madina mwaka 765. Tena husimuliwa kuwa alikuwa karibu na mawaziri wa ukoo wa Barmaki, ambao walikuwa na nguvu kubwa katika khilafa ya Harun al-Rashid. Harun alipowaangusha mawaziri hao mwaka 803, Jabir, kwa masimulizi hayo, alirudi Kufa akaishi kwa kujificha mpaka mauti yalipomfika.

Husimuliwa pia kuwa zaidi ya miaka mia na hamsini baadaye, ilipofukuliwa nyumba yake huko Kufa, palionekana kinu ambacho ndani yake mlikuwa na dhahabu ya ratili kama mia mbili. Hiki ni kisa cha watu wapendao dhahabu. Sisi twatafuta kitu chenye faida zaidi kuliko dhahabu hiyo.

VITABU VYAKE

Vitabu vinavyonasibishwa kwake ni vingi mno hata akili inasita. Mtaalamu Paul Kraus, aliyekuwa akifanya kazi Misri, alivikusanya majina yake na kuvipanga, akatoa orodha yake Cairo katika mwaka 1942 na 1943. Hesabu yake ilikaribia elfu tatu, ingawa vingi katika hivyo ni risala fupi za kurasa chache. Kuna mkusanyo uitwao Vitabu Mia na Kumi na Mbili, kuna Vitabu Sabini, kuna Vitabu vya Mizani ambavyo idadi yake ni 144, na kuna Vitabu Mia Tano. Humo mna habari za madini, dawa, sumu, nyota, falsafa, na mengi mengineyo, lakini kiini chake ni ilimu ya kimia.

KAZI YA MIKONO

Hapa ndipo penye utajiri, na hapa ndipo ningependa vijana wetu watue.

Jambo la kwanza ni kuvigawa vitu katika mafungu. Vitabu hivi havikuchanganya kila kitu katika kapu moja. Viliviweka mbali vitu ambavyo vikipata moto huruka kuwa mvuke, kama zebaki, kibiriti, aseniki, nushadiri na kafuri, vikaviita roho. Vikaviweka mbali vile ambavyo huyeyuka na kufuliwa kwa nyundo, kama dhahabu, fedha, shaba, chuma, risasi na bati. Kisha vikaviweka mbali vitu ambavyo havifuliki, bali hupondeka vikawa unga. Mtu asiyejua ataona kuwa haya ni madogo. Lakini ilimu yote huanza kwa kupambanua, kama ilimu ya fikihi inavyoanza kwa kupambanua maji yafaayo kutawadhia na yasiyofaa. Nayo misingi ya kupambanua hapa si rangi ya kitu wala sifa zake midomoni mwa watu, bali ni namna kinavyofanya kikitiwa motoni au kikipigwa nyundo.

Jambo la pili ni nushadiri yenyewe. Hii ni chumvi nyeupe ambayo mafundi wa kutia bati sufuria za shaba huipaka ili bati lipate kushika. Ilikuwa ikichimbwa katika milima ya Asia ya Kati, na Wayunani hawakuwa na habari zake katika kazi zao za kimia. Katika vitabu vya Jabir mna maelezo ya kuipata pasipo kwenda milimani: huchukuliwa nywele, au damu, au mimea, vikatiwa katika chombo na kupashwa moto pole pole, ule mvuke ukapozwa na kukusanywa. Hutoka maji, hutoka mafuta, hutoka kile kirukacho na kugandamana juu ya chombo, na chini hubaki majivu. Wataalamu wa taarikhi ya kimia wamekiri kuwa hayo ndiyo maelezo ya kale kabisa yanayojulikana ya kutengeneza chumvi isiyo na uhai kutokana na vitu vilivyotoka katika viumbe hai. Jambo hilo peke yake latosha kulihifadhi jina la mtu.

Jambo la tatu ni nadharia ya madini. Vitabu vyake vimesema kuwa madini yote huumbika tumboni mwa ardhi kwa kuchanganyika zebaki na kibiriti, na kuwa tafauti ya dhahabu na risasi ni tafauti ya kipimo na usafi wa vitu hivyo viwili. Fikra hiyo asili yake imo katika kitabu kilichonasibishwa kwa mwenye hikima wa Kiyunani aliyeitwa na Waarabu Balinus. Fikra hiyo si sahihi, na sote twajua hivyo leo. Lakini ilitawala vichwa vya wataalamu wa Mashariki na Magharibi kwa karne nyingi, nayo iliwalazimisha watu kuyashika madini kwa mikono yao ili kuijaribu. Walizitia zebaki na kibiriti katika chombo kimoja na kuvipasha moto, wakaona vikigeuka kuwa jiwe jekundu la zinjifuri. Dhahabu hawakuipata, ila walijifunza namna kitu kimoja kinavyoshikana na kingine.

Na Jabir alisisitiza kuwa mwenye kutaka ilimu hii hana budi afanye kazi na kujaribu, na kuwa asiyefanya majaribio hawezi kufikia hata daraja ya chini ya ustadi.

PALE ALIPOKOSEA

Haitufai kumsifu mtu kwa mema yake tukayaficha makosa yake. Katika Vitabu vya Mizani, mwandishi ameshika kuwa tabia za vitu, yaani joto, ubaridi, ukavu na unyevu, zaweza kupimwa kutokana na herufi za majina yao ya Kiarabu. Akaipa hesabu ya 17 daraja kubwa, akaipata kwa kujumlisha moja, tatu, tano na nane. Ndugu zangu, jina la shaba halina uzito wa shaba. Mwarabu aliita hivi, Mhindi aliita vile, na shaba ni ile ile. Haya ni katika mambo yaliyowafungulia mlango watu wa talasimu na herufi, na athari yake mpaka leo twaiona kwa wale wanaowauzia watu wetu vikaratasi vyenye tarakimu. Tena mna ndani ya vitabu hivyo mambo ya siri na batini, na habari za kugeuza madini duni kuwa dhahabu. Ibn Sina, naye alikuwa stadi mkubwa, alikanusha kuwa madini yaweza kugeuzwa hakika yake, akasema kuwa wafanyao hivyo huigiza rangi tu.

KUTAJWA KWAKE KWA WAISLAMU

Ibn Nadim, mwuza vitabu wa Baghdad, alitunga orodha yake mashuhuri ya vitabu vya Kiarabu mwaka 987. Humo alimweka Jabir, akataja vitabu vyake kwa wingi. Lakini alieleza waziwazi kuwa wako wataalamu na wauza vitabu katika zama zake waliosema kuwa Jabir huyo hakupata kuwako, au kuwa kama alikuwako basi hakuandika ila kitabu kimoja. Ibn Nadim mwenyewe hakuridhika na kauli hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba haingii akilini mtu akae na kutaabika, atunge kitabu cha maelfu ya maneno, kisha ampe sifa mtu ambaye hakuwako. Akaongeza kuwa Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa na mwanakimia, alikuwa akimtaja Jabir katika vitabu vyake kuwa ni mwalimu wao.

Karne nne baadaye Ibn Khaldun, katika Mukadima yake ya mwaka 1377, alimhesabu Jabir kuwa ndiye imamu wa watu wa kimia, hata ilimu hiyo ikawa huitwa kwa jina lake. Lakini papo hapo akasema kuwa risala zake ni kama mafumbo, na akaikataa kabisa kazi ya kutengeneza dhahabu kwa kuwa ni upotevu wa mali na umri.

Na Shekhe wa Uislamu Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alipoulizwa juu ya watu wa kimia alimkata Jabir kwa neno moja la watu wa Hadithi: kwamba huyo ni majhuli, hajulikani, wala hana kutajwa miongoni mwa watu wa ilimu na watu wa dini. Nataka msomaji alitue neno hilo moyoni, kwani nitalirejea.

JINA LAKE ULAYA

Mji wa Toledo, katika Andalusia ya zamani, ulikuwa soko la tarjama baada ya kutekwa na Wakristo mwaka 1085. Huko alikaa Gerard wa Cremona, Mtaliani aliyejifunza Kiarabu, akafasiri vitabu kwa makumi mpaka alipokufa mwaka 1187. Miongoni mwa kazi zake ni Vitabu Sabini vya Jabir. Kwa njia kama hizo maneno ya Kiarabu yaliingia katika lugha za Ulaya pamoja na vyombo vyake: kimia yenyewe, inbiki ya kukenekea, na alkali.

Sasa sikilizeni ajabu. Kiasi cha mwisho wa karne ya 13 kilitokea kitabu cha Kilatini kiitwacho Jumla ya Ukamilifu, na jina la mtungaji wake likaandikwa Geber, yaani Jabir. Kikafuatwa na vingine vyenye jina hilo hilo, kimoja wapo kikiwa Uvumbuzi wa Ukweli. Katika hicho cha pili mna maelezo ya kuchukua mrututu, shura na shabu, vikakenekwa kwa moto, na likapatikana lile maji makali ambalo leo huitwa asidi ya nitriki. Na likitiwa nushadiri, maji hayo huwa na nguvu ya kuyeyusha hata dhahabu. Vitabu hivyo vilisomwa Ulaya yote, vikapigwa chapa Nuremberg mwaka 1541, na mwaka 1678 Richard Russell akavitoa kwa Kiingereza. Kwa miaka mia nyingi, kila mwanakimia wa Ulaya aliyetaka kutia nguvu maneno yake alimtaja Geber.

Mwaka 1893 mwanakimia Mfaransa Marcellin Berthelot, akisaidiwa na mjuzi wa Kiarabu, alivilinganisha vitabu hivyo vya Kilatini na vile vya Kiarabu, akahukumu kuwa mtungaji wa Jumla ya Ukamilifu si Jabir. Mwingereza Holmyard alimpinga kwa bidii, na akaonyesha kuwa Jabir wa Kiarabu alijua mengi ambayo Berthelot hakuyaona. Hata hivyo kitabu cha Kiarabu ambacho hicho cha Kilatini kingekuwa ndiyo tarjama yake hakikupatikana. Mwaka 1991 mtaalamu William Newman alitoa hoja zake kuwa mtungaji ni Paulo wa Taranto, mtawa wa Kikristo wa jamii ya Mtakatifu Fransisko.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeuliza, kitabu chako cha shule hakikukudanganya. Lakini hakikukueleza yote. Mtawa wa Kikristo, katika zama za vita vya msalaba, alipotaka kitabu chake kisomwe na kuaminiwa, hakulitia jina lake wala jina la askofu wake. Alilitia jina la Mwislamu. Je, iko shahada kubwa kuliko hiyo juu ya heshima waliyokuwa nayo Waislamu katika ilimu? Na ile nushadiri iliyoyapa maji yake nguvu ya kuyeyusha dhahabu, yeye na wenzake waliijua kwa vitabu vya Waarabu. Jengo la juu ni lake, na msingi ni wetu. Atakayedai jengo lote amedhulumu, na atakayeukana msingi amedhulumu vile vile.

MIZANI YA ISNADI

Na hata vile vya Kiarabu havikusalimika. Kraus, baada ya kuvisoma, alisema kuwa havikuandikwa na mtu mmoja, bali na kundi la watu baina ya katikati ya karne ya 9 na katikati ya karne ya 10, waliojificha nyuma ya jina la Jabir. Mturuki Fuat Sezgin, mwaka 1971, alimpinga na kuitetea riwaya ya zamani. Mabishano hayo hayakuanza Ulaya. Tumeona kuwa Ibn Nadim aliyakuta Baghdad, na kuwa Ibn Taymiyya alisema majhuli miaka mia sita kabla ya Kraus. Basi vipi tutasema kuwa kushuku ni hila ya Wazungu?

Sisi ni umma wa isnadi. Maulamaa wetu walisafiri miezi kwa ajili ya Hadithi moja, wakauliza nani kaipokea kwa nani, alikuwa mkweli au mwongo, alikutana na shekhe wake au hakukutana naye. Walizitupa riwaya kwa maelfu, ingawa maana zake zilikuwa nzuri, kwa kuwa njia yake ilikuwa mbovu. Kama hawakustahi kuitupa riwaya dhaifu iliyonasibishwa kwa Mtume (S.A.W.) mwenyewe, sisi twaona haya gani kuitupa riwaya dhaifu iliyonasibishwa kwa mwanakimia? Kumpa mtu sifa ambayo si yake si kumheshimu. Ni kumchukulia mwenyewe aliyeifanya kazi, na haki ya mtu ni haki yake, awe Mwislamu au asiwe.

MAZINGATIO

Ukiviondoa vyote vilivyotiwa shaka, hubaki nini? Hubaki hakika isiyo na mgogoro: kwamba baina ya karne ya 8 na ya 10, katika miji ya Waislamu na kwa lugha ya Kiarabu, walikuwako watu, ama mmoja ama wengi, waliovipanga vitu kwa kuvijaribu, wakatengeneza chumvi kutokana na nywele, wakaandika walivyofanya ili mwingine aweze kufanya kama wao. Hilo halihitaji kuongezwa chumvi.

Lakini watu hao hawakukaa barazani wakihesabu fadhila za waliopita. Waliungua vidole. Walivuta moshi wa kibiriti mpaka wakakohoa. Nasi lugha yetu yasema kibiriti na zebaki, maneno yale yale waliyoyatumia, na ni wangapi katika sisi tuliowahi kuviona vitu hivyo vikipimwa katika mizani? Mzee asiyempeleka mtoto wake kusoma sayansi kwa kuona kuwa ni ilimu ya makafiri, kisha jioni akajifakhirisha kwa Jabir, huyo ni kama mrithi aliyeiacha shamba ya babaye ikamea magugu, naye akazunguka mjini akionyesha hati.

Na wale wanaopita mitaani wakiwaahidi wajinga kuwa watazizidisha fedha zao au watageuza shaba kuwa dhahabu, na kulitaja jina la kimia, jihadharini nao. Hao hawakurithi kazi ya Jabir. Wamerithi moshi wake tu.

Kijana wetu namwambia: uliza, wala usiogope. Na wazee wangu nawaomba kwa heshima: tukiulizwa tusilolijua, tuseme hatujui, kisha twende tukatafute. Hiyo ndiyo njia ya wema waliotutangulia.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe nguvu ya kuifuata, na atuonyeshe batili kuwa ni batili na atupe nguvu ya kuiepuka. Amin.